Chembe nano za dhahabu na HRP2: rangi inayogeuka bila antijeni, na antijeni isiyogeuza rangi

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Morogoro. Natengeneza kipimo cha kupima HRP2, protini ya vimelea vya malaria, kwa kutumia chembe nano za dhahabu ndani ya kimiminika. Nataka rangi igeuke kutoka nyekundu kwenda bluu, niisome kwa spektrofotomita. Chembe zangu ni za nanomita 40, ufyonzaji 1, zilizotulizwa kwa sitreti. Kingamwili ni ya panya, monokloni, miligramu 1 kwa mililita ndani ya PBS (bafa ya fosfeti yenye chumvi) iliyotiwa kihifadhi cha azidi. Nikitia mikrolita 20 kwenye mililita 1 ya dhahabu, inageuka zambarau palepale. Nikashauriwa nitangulize BSA (albumini ya damu ya ng'ombe); ikabaki nyekundu safi, lakini hata nikiweka HRP2 nanogramu 10 kwa mililita hakuna kinachotokea. Na plazma ya mtu asiye na malaria, niliyoizimua mara 100, inaigeuza ile konjugeti ya kwanza (dhahabu iliyounganishwa na kingamwili) kuwa bluu. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Matukio yako yote matatu yanaanzia kwenye uso wa chembe, yaani kabla hata antijeni, hapa HRP2, haijaguswa. Usitie tena HRP2 kwenye chombo chochote mpaka konjugeti yako ivumilie chumvi na ivumilie plazma tupu. HRP2 ya maabara ni ghali, na kila mikrolita unayoitia kwenye konjugeti mbovu haikufundishi chochote.

Nianze na rangi yenyewe, maana hapo ndipo utakapojua unachokiona. Chembe ya dhahabu ya nanomita 40 ni nyekundu kwa sababu elektroni zake hutetemeka kwa pamoja zikipigwa na mwanga wa karibu nanomita 530. Chembe mbili zikisogeleana sana, mitetemo yao huungana na kilele huhamia kwenye mawimbi marefu zaidi. Macho huona zambarau, kisha bluu. Ila muungano huo hufa haraka kadiri pengo linavyopanuka: kila pengo likiongezeka kwa takriban sehemu moja ya tano ya kipenyo cha chembe, athari hubaki kama theluthi ya ilivyokuwa. Kwa chembe yako hiyo ni nanomita 8. Sasa weka katikati kingamwili, antijeni, na kingamwili nyingine: pengo linafika nanomita 15 hadi 20. Athari inayobaki ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya chembe zinazogusana.

Kwa hiyo ukiona bluu kali ndani ya dakika moja, hiyo ni dhahabu tupu inayogusana na dhahabu tupu. Mgandano wa kweli wa kingamwili na antijeni, kwa chembe za nanomita 40, huonekana kwa unyenyekevu: kilele kinashuka, kinapanuka upande wa kulia, kinahama nanomita chache, na rangi inaenda kwenye nyekundu iliyofifia au urujuani. Wanaosubiri bluu ya angani hutupa matokeo mazuri na kushangilia mabaya.

Kwa nini ilikuwa zambarau palepale

Wengi watakuambia ni chumvi ya PBS. Hesabu inakataa: mikrolita 20 za PBS ndani ya mililita 1 zinaleta kama milimola 3 tu za chumvi kwa lita, na dhahabu ya sitreti iliyo nzima huvumilia zaidi ya hapo. Wala kingamwili haikupungua. Chembe moja ya nanomita 40 ina uso wa nanomita za mraba zipatazo 5,000, unaotosha kingamwili kama 100. Mililita 1 yenye ufyonzaji 1 ina chembe takriban bilioni 90. Jumla yake ni kama mikrogramu 2.2 za kingamwili. Wewe ulitia 20.

Tatizo ni pH. Dhahabu ya sitreti inapotoka kwenye chupa huwa na pH ya kati ya 5.5 na 6.5. Kingamwili nyingi za panya zina nukta ya umeme sawia (pH ambapo chaji yake ni sifuri) juu ya hapo, kwa hiyo ndani ya dhahabu yako ilibeba chaji chanya, na chembe zina chaji hasi. Kingamwili moja ikashika chembe mbili kabla haijapata nafasi ya kutulia juu ya moja. Kama uliidondosha polepole bila kukoroga, chembe za pale tone lilipoangukia zilipata zote na za pembeni hazikupata kitu. Azidi nayo haisaidii, kwani hushindania uso wa dhahabu.

Ushauri wa kutanguliza BSA ulitibu dalili ukaua kipimo. BSA ilijaa kwenye uso wote, kingamwili ikakosa pa kushika, ikabaki inaelea. Nyekundu safi uliyoiona ilikuwa ya chembe zilizovaa BSA peke yake. Kibaya zaidi, kingamwili inayoelea hukamata antijeni kabla ya chembe yoyote kuifikia. Mpangilio ni kingamwili kwanza, BSA baadaye, siku zote.

Kuandaa kingamwili

Soma lebo ya kichupa. Ikiwa imetunzwa na BSA, jelatini au gliseroli, agiza nyingine isiyo navyo au isafishe kwanza. Protini ya kutunzia itaing'ang'ania dhahabu sawasawa na kingamwili. Badilisha bafa kwa dayalisisi au kolamu ndogo ya kuondoa chumvi, upeleke kwenye bafa ya boreti ya milimola 2 hadi 5, pH 8.5. Kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa g 10,000 dakika 10 na uchukue maji ya juu, maana vibonge vidogo vya kingamwili ni mbegu za mgandano. Pima upya kiasi kwa ufyonzaji wa nanomita 280. Kwenye kolamu hupotea zaidi ya watu wanavyodhani.

Kutafuta pH

Gawa dhahabu mikrolita 500 kwenye tyubu saba. Kwa kaboneti ya potasiamu ya mola 0.1, matone madogo madogo, zifikishe pH 6.5, 7.0, 7.5, 8.0, 8.5, 9.0 na 9.5. Usitumbukize elektrodi ya mita ya pH ndani ya dhahabu tupu: dhahabu huziba kiungio chake na elektrodi inaharibika. Tumia karatasi za pH zenye vipimo vya karibu karibu, tone moja kwa kila tyubu.

Tia mikrogramu 5 za kingamwili kwenye kila tyubu, zote kwa mkupuo mmoja huku ukitikisa. Subiri dakika 20. Tia mikrolita 50 za chumvi (kloridi ya sodiamu) ya asilimia 10 iliyoyeyushwa kwenye maji safi ya maabara, subiri dakika 10, kisha soma ufyonzaji kwenye nanomita 530 na 650. Gawanya wa 650 kwa wa 530. Tyubu yenye uwiano mdogo na kilele cha 530 kilichobaki juu ndiyo pH yako. Mara nyingi itaangukia kati ya 8.0 na 9.0, lakini kila kingamwili ina tabia yake na ya mwenzako haikuhusu. Weka pia tyubu mbili za ziada: dhahabu bila kingamwili na chumvi, ambayo lazima igeuke bluu, na dhahabu bila kingamwili na maji, ambayo lazima ibaki nyekundu. Ile ya kwanza isipogeuka, dhahabu yako imetunzwa na kitu kingine kisicho sitreti na jaribio zima halina maana.

Kutafuta kiasi

Kwenye pH uliyoipata, rudia ukitumia mikrogramu 0, 1, 2, 3, 4, 6, 8 na 12 kwa kila mililita ya dhahabu. Uwiano utashuka kisha utulie. Chukua kiasi pale unapoanza kutulia, ongeza asilimia 10 hadi 20, ishia hapo. Kishawishi cha kumimina mara tatu zaidi ili kuwa na uhakika ni kikubwa, na kinaharibu: tabaka la juu halijashika vizuri, huachia polepole ndani ya jokofu, na baada ya wiki mbili unakuwa na kingamwili huru zinazokula antijeni yako. Ishara ya kipimo hupungua kila wiki na hujui kwa nini.

Kuziba na kusafisha

Baada ya kingamwili kutulia kwa dakika 30, tia BSA ya asilimia 10, ambayo umeshairekebisha kwenye pH ileile, hadi ifike asilimia 1 ya mwisho. Dakika 30 nyingine. Sasa zungusha: kwa chembe za nanomita 40, g 5,000 kwa dakika 20 kwenye nyuzi 10 zinatosha.

Itazame tyubu unapoitoa, kabla hujaimwaga. Konjugeti nzuri hukaa chini kama tone zito la rangi ya damu ya mzee, linaloteleza ukiinamisha tyubu, na maji ya juu yana wekundu kidogo sana. Ukiona utando mweusi wenye kung'aa uliobandika ukutani na hauondoki kwa pipeti, hizo chembe zimegandana moja kwa moja. Kutikisa kwa nguvu hakutazirudisha, na mawimbi ya sauti yatavunja kingamwili kabla ya kuvunja mgandano. Tupa, punguza kasi au rudi kwenye jaribio la pH.

Ondoa maji ya juu, rudisha chembe kwenye bafa ya Tris ya milimola 10, pH 8.2, yenye BSA asilimia 1. Zungusha tena, mara mbili. Huku ndiko kuondoa kingamwili huru, na watu hukuruka kwa sababu kila mzunguko hupoteza chembe kiasi. Malizia kwenye ufyonzaji 10 kwa ajili ya kutunza, ongeza azidi ya sodiamu asilimia 0.05, weka nyuzi 4. Isigande barafu hata mara moja. Friji zinazogusisha chupa na ukuta wa nyuma zimeua konjugeti nyingi, kwa hiyo iweke mbele, na umeme ukikatika usiuhamishie mzigo wako kwenye friza.

Soma spektra yote kuanzia nanomita 400 hadi 800. Kilele kiwe kimehama nanomita 3 hadi 6 kulia kuliko dhahabu tupu, bila mkia unaoinuka baada ya 600. Kuhama kusipokuwepo, kingamwili haikushika.

Sasa antijeni, na hesabu iliyokuangusha

Nanogramu 10 za HRP2 kwa mililita ni ngapi? Tukichukulia uzito wa kilodaltoni 35, nanogramu 1 kwa mililita ina molekuli kama bilioni 17. Chembe zako ni bilioni 90. Kwenye nanogramu 1 kila antijeni moja inagawanywa kwa chembe tano. Kwenye 10, kila chembe inapata antijeni mbili hivi. Ili vishada vijengeke unahitaji kadhaa kwa kila chembe. Kwa hiyo hata konjugeti kamilifu ingekuonyesha kidogo sana hapo ulipopima.

Njia ni mbili, na zinakwenda pamoja. Punguza chembe: pima ukiwa na ufyonzaji 0.2 hadi 0.4. Na tumia chembe kubwa zaidi. Chembe za nanomita 80 kwenye ufyonzaji 1 ni kama bilioni 11 tu kwa mililita, na kwa sababu kipenyo ni kikubwa, lile pengo la nanomita 15 hadi 20 linabakiza karibu theluthi ya muungano wa mitetemo badala ya sehemu moja ya kumi. Ni faida mara mbili. Gharama yake: kilele chao kiko karibu 550, huzama chini ukiziacha usiku kucha, na sentrifuji ishuke hadi g 1,000 au 1,500. Ningekuwa nakushauri ununue upya, ningesema 60 au 80, na hiyo 40 iachie vipimo vya utepe.

HRP2 ina upendeleo wake kwa njia hii. Imejengwa kwa vipande vifupi vya histidini na alanini vinavyojirudia, kwa hiyo kingamwili moja ya monokloni inaweza kuishika sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Huhitaji jozi ya kingamwili mbili tofauti kama ilivyo kwa protini nyingi. Lakini idadi ya marudio hutofautiana kati ya vimelea na vimelea, ndiyo maana nanogramu ileile kutoka sehemu mbili inaweza kutoa ishara mbili. Andika kwenye ripoti yako HRP2 ya kiwango ilitoka kwenye aina gani ya kimelea. Kumbuka pia kwamba wako vimelea waliopoteza jeni yenyewe, hasa Eritrea na Ethiopia; kwao kipimo chochote cha HRP2, hata kikiwa kizuri namna gani, kinaweza kusema hakuna malaria.

Kwenye kila kisima cha pleti ya 96 weka mikrolita 100 za konjugeti na 100 za sampuli. Bafa ya kupimia: Tris milimola 50, pH 8.0, chumvi milimola 150, BSA asilimia 0.5, Tween 20 asilimia 0.05, na PEG 6000 asilimia 2. PEG husukuma protini zikutane haraka. Ukipita asilimia 4 hata kisima kisicho na antijeni huanza kugandana, kwa hiyo ijaribu kwanza bila sampuli. Soma kwenye dakika 0, 5, 15, 30 na 60, na utumie badiliko la uwiano kutoka dakika 0. Badiliko hilo hufuta tofauti nyingi za kisima na kisima. Usilinganishe namba za pleti na za kuveti: kwenye mikrolita 200 mwanga hupita kama nusu sentimita tu ya kimiminika.

Plazma tupu inayogeuza rangi

Ile konjugeti ya kwanza ilikuwa na uso wenye mapengo. Fibrinojeni ya plazma ni molekuli ndefu, karibu nanomita 45, na kwenye mapengo hayo inaweza kufanya daraja kati ya chembe mbili. Ukishaziba vizuri, jaribu seramu, ambayo haina fibrinojeni, dhidi ya plazma ya mtu yuleyule. Mgeuko wa rangi ukiisha kwenye seramu, mhusika ni fibrinojeni. Ukibaki, shuku kingamwili za binadamu zinazoshika kingamwili za panya. Dawa yake ni kuongeza IgG (kingamwili ya kawaida) ya panya isiyohusika, mikrogramu 50 hadi 100 kwa mililita, kwenye bafa ya sampuli.

Jambo linalosahauliwa sana kwenye damu ya malaria ni himoglobini. Kilele chake cha 541 na cha 577 vimekaa juu ya kilele cha dhahabu. Sampuli iliyopasuka seli huinua namba ya chini ya uwiano wako, na mgandano unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwa kila sampuli weka kisima kisicho na dhahabu, utoe ufyonzaji wake kwenye kila wimbi kabla ya kugawanya.

Kisha kuna athari ya ndoana: antijeni ikizidi mno, ishara hushuka badala ya kupanda. Wagonjwa wa malaria kali mara nyingi hupita nanogramu 1,000 za HRP2 kwa mililita. Antijeni ikizidi hivyo, kila kingamwili inapata yake, hakuna inayobaki ya kuunganisha chembe na chembe, na mgonjwa aliye hatarini anasomeka kama hana kitu. Pima kila sampuli kwa mizimuo miwili angalau, kwa mfano mara 10 na mara 200. Mzimuo mkubwa ukitoa ishara kubwa kuliko mdogo, umeikuta ndoana.

Utarajie nini

Nikuambie wazi: kwa njia hii ya kimiminika sikushauri ushindane na mRDT, kipimo cha haraka cha malaria cha utepe, kwenye nanogramu 1 kwa mililita. Nguvu yake iko kwenye kutoa namba kuanzia makumi hadi maelfu ya nanogramu, ambako utepe husema ndiyo au hapana tu, na ambako namba ina maana kwa daktari anayejiuliza kama homa kali ya mtoto inatokana na malaria au na kitu kingine. Andika pendekezo lako hivyo na litasimama.

Ukilazimika kushuka chini ya nanogramu 1, hamia kwenye sandwichi juu ya pleti: kingamwili ya kukamata imeshikwa kwenye kisima, antijeni, halafu konjugeti, halafu ukuzaji kwa fedha. Ayoni za fedha pamoja na hidrokwinoni hujijenga juu ya kila chembe ya dhahabu na kuikuza mpaka isomeke. Kabla ya fedha, osha kisima mara tano kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Kloridi kidogo tu ya PBS hutengeneza ukungu mweupe unaokuwa mweusi kwenye mwanga, kila kisima, chenye antijeni na kisicho nayo.

Kwa majaribio yote mawili vidhibiti ni vilevile: konjugeti yenye IgG ya panya isiyohusika pamoja na HRP2, kwa sababu histidini nyingi za HRP2 zinaweza kushika dhahabu yenyewe bila kupitia kingamwili; konjugeti sahihi pamoja na plazma tupu; na konjugeti sahihi pamoja na HRP2 ukiwa umeongeza kingamwili huru kwa wingi, ambapo ishara lazima izimike. Mstari wa viwango utengeneze ndani ya plazma tupu, wala si ndani ya bafa. Visima tupu viwe 20 walau, vya siku tofauti. Wastani wao ukiongeza mara 1.645 ya mkengeuko sanifu ndio mpaka wa tupu, na juu yake ongeza mara 1.645 ya mkengeuko wa sampuli yenye antijeni kidogo kupata kiwango cha chini unachoweza kukitetea.

Ukikwama tena, niletee spektra nne kwenye grafu moja, 400 hadi 800: dhahabu tupu, konjugeti baada ya kusafishwa, konjugeti hiyohiyo dakika 10 baada ya chumvi, na konjugeti dakika 30 ndani ya plazma tupu. Andika pH, mikrogramu za kingamwili kwa mililita na kasi ya sentrifuji kwa g, usiandike mizunguko kwa dakika, maana sijui rota yako ina upana gani.